Baada ya Uji wa Mzazi

Mwanamke ajifunguapo salama katika mtaa wa Niboye, wilayani Kicukiro, upande wa kusini-mashariki wa jiji la Kigali, majirani zake hawamwachi peke yake. Huja wawili wawili na watatu watatu, huyu na chupa ya uji wa mtama, yule na maziwa, mwingine na sabuni na nguo za mtoto, kwa desturi njema ambayo Wanyarwanda huiita guhemba, na ambayo watu wa pwani hawataiona ngeni, kwani nao wana uji wa mzazi wenye pilipili manga, na wana arubaini yao. Mzazi huulizwa kama maziwa yanatoka, kama mtoto ananyonya na kulala, kama kidonda kinapona ikiwa alipasuliwa. Mtoto hupewa jina, na furaha hutimia. Katika maswali yote hayo lipo moja ambalo aghalabu halitoki kinywani mwa yeyote, si mwa mama mkwe, si mwa shoga, wala si mwa mume: nalo ni kama mzazi yule, akikohoa au akicheka na wageni wake, mkojo humponyoka pasipo hiari, au kama akisimama kwa muda huhisi uzito unashuka katika utupu wake na kutaka kutoka nje.

Hayo ni maradhi ya misuli ya nyonga, na katika maradhi yote yampatayo mwanamke sijui kama yapo mengine yaliyoenea kiasi hiki na kutajwa kwa uchache kiasi hiki. Hayaui, na kwa kuwa hayaui hayakupewa mahali katika hesabu za hofu zetu. Hayaonekani usoni, na mwenye nayo hujitahidi yasionekane kokote: huvaa kitenge juu ya kitenge, huketi karibu na mlango, hupunguza maji ya kunywa, huacha kwaya, huacha ngoma za harusi, huacha safari ndefu za basi, na kila akiachacho hukitafutia sababu nyingine. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi uliowahusu wanawake zaidi ya 1,900, wakaona kwamba karibu mmoja katika kila wanne, yaani asilimia 23.7, alikuwa na ugonjwa mmojawapo wa jamii hii. Na miongoni mwa waliofikia miaka 80 na kupita, idadi ilikuwa karibu nusu. Ikiwa hali ndiyo hiyo katika nchi ambayo wanawake wengi huzaa watoto wawili, na maji huyapata kwa kufungua bomba, basi mtu mwenye insafu hatadhani kwamba vilima vya Kigali vimesalimika.

Ili kuyafahamu maradhi, yafaa kwanza kuyafahamu maumbile. Nyonga ni duara ya mifupa iliyo wazi chini, na uwazi ule haukuzibwa kwa mfupa bali kwa misuli na kano zilizotandwa kutoka kwenye mfupa wa kinena, mbele, hata kwenye kifandugu, nyuma. Mwenye kukijua kitanda cha kamba cha mwambao atauona mpango huo mara moja: mifumbati na matendegu ni mifupa, nazo kamba zilizowambwa ndizo misuli, na alalaye juu yake habebwi na mbao ila na kule kuwambwa; kamba zikilegea mahali pamoja, mlalaji huzama mahali pale pale, hata kama mti wa kitanda ni mpingo. Juu ya kamba hizo katika mwili wa mwanamke viungo vitatu vimekaa kwa safu: kibofu cha mkojo mbele, mji wa mimba katikati, na utumbo wa haja kubwa nyuma. Kila kimoja kina njia yake ya kutokea iliyopenya katikati ya misuli ile, na misuli hiyo hiyo ndiyo inayozifumba njia hizo na kuzifumbua kwa wakati wake. Kazi yake, basi, ni mbili zinazopingana, kubeba na kuachia, na siha ya mwanamke imo katika kuzimudu zote mbili.

Jaribio kubwa la misuli hiyo ni uzazi. Kichwa cha mtoto kinapopita, sehemu ya ndani ya misuli hulazimika kutanuka zaidi ya mara tatu ya urefu wake wa desturi, mtanuko ambao msuli wa mkono au wa mguu usingeustahimili bila kukatika. Na ni katika miujiza ya maumbile kwamba wanawake wengi hurudi katika hali yao baada ya majuma machache. Lakini si wote. Uchungu uliokawia, mtoto mkubwa, mtoto aliyevutwa kwa koleo, mchaniko uliofika hata tupu ya nyuma na usishonwe na mkono wenye ujuzi siku ile ile: haya huacha misuli imechanika au mishipa ya fahamu imesagika, na athari yake huweza kuonekana mwezi ule ule au kungoja miaka 20, hata hedhi ikome na nguvu za mwili zianze kupungua, ndipo jambo la ujana lidai haki yake katika utu uzima.

Hata hivyo ni makosa kuuwekea uzazi lawama yote. Katika mji wa Rochester, huko Marekani, matabibu waliwauliza watawa 149, wanawake ambao hawakuzaa kamwe, nao wakakuta kwamba karibu nusu yao walikuwa wakiponyokwa na mkojo. Habari hii, iliyotolewa mwaka 2002, ina manufaa kwa nchi kama Rwanda yenye nyumba nyingi za masista, kwani yumkini wapo miongoni mwao wanaoona haya mara mbili: haya ya maradhi yenyewe, na haya ya kuwa na maradhi ambayo watu huyadhani ni ya waliozaa. Umri una sehemu yake, na unene, na kikohozi cha muda mrefu, na kufunga choo kunakomfanya mtu ajikamue kila asubuhi, na kisukari, na asili ya kano ambazo mtu amezirithi kwa mama yake.

Tena ipo mizigo. Tumtazame mama anayelipandisha kilima dumu la manjano la lita 20, siku bomba la nyumbani likikauka. Anainama, anashika mpini wa dumu, anavuta pumzi na kuizuia kifuani, kisha anainuka kwa nguvu moja. Katika nukta ile, tumbo lake limekuwa gumu pande zote; pumzi iliyozuiwa imelifunga juu, misuli ya tumbo imelifunga mbele, uti wa mgongo umelifunga nyuma, na msukumo wote, usiokuwa na pa kwenda, umeshuka chini juu ya misuli ya nyonga. Ikiwa misuli ile imekaza kabla ya dumu kuondoka ardhini, hapana lolote. Ikiwa imechelewa hata kwa kitambo cha kupepesa jicho, tone hutoka, kisha jingine. Na mama huona kwamba ni jasho, au hujiambia hivyo. Mwanamke aliyefundishwa huanza kwa kukaza chini, kisha huinua huku akitoa pumzi badala ya kuizuia. Na badiliko hilo dogo, lisilogharimu hata faranga moja, huwatosha baadhi ya wanawake wenye ugonjwa mwepesi kurudi kuwa wakavu. Nasi tuseme wazi kwamba mama aliyezaa juzi hapaswi kulibeba dumu hilo kabisa, na kwamba katika nyumba yenye mume na vijana wenye mabega hakuna udhuru wa kumwacha alibebe.

Dalili za maradhi haya hazifanani. Yupo anayetokwa na mkojo kwa kukohoa, kupiga chafya, kucheka au kuruka, na huyu kasoro yake ni udhaifu wa kufumba. Yupo ambaye hakohoi wala haruki, bali hujiwa na haja ya ghafula isiyo na subira, akatafuta ufunguo wa mlango na mkojo ukamtangulia. Kwa huyu kibofu chenyewe hujikamua bila amri, na dawa yake si ile ya mwenzake. Wengi wana yote mawili. Yupo ambaye kibofu, au mji wa mimba, au ukuta wa utumbo umeteremka ndani ya uke, pengine kidogo tu kiasi cha kujulikana na mkunga peke yake, pengine hata kikatokeza nje kama uvimbe laini ambao asubuhi, baada ya kulala, huwa umerudi, na jioni, baada ya kutwa ya kusimama, huwa umetoka tena. Hili pwani husemwa kizazi kimeshuka, na kwa ujinga wetu wakati mwingine husemwa ni uchawi, au ni adhabu ya mimba iliyotolewa, au ni saratani. Si uchawi, si adhabu, na kwa kawaida si saratani. Hata hivyo damu inayomtoka mwanamke baada ya kukoma hedhi haifai kungojwa hata juma moja kabla ya kumwona daktari. Na yupo anayeshindwa kuzuia upepo au haja kubwa, ambaye pengine ndiye mwenye kitwea kuliko wote, kwa maana mkojo bado mtu anaweza kumnong'oneza dada yake.

Hapa hapana budi kutenga jambo moja na jingine, kwa sababu kuchanganya kwake kumewapotezea wanawake wengi miaka. Mkojo unaotoka kwa kikohozi na kukoma si sawa na mkojo unaochuruzika usiku na mchana bila kukoma tangu kujifungua. Huo wa pili ni dalili ya fistula, yaani tundu lililotobolewa kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo na uke, pale kichwa cha mtoto kilipokwama kwa saa nyingi na kuibana nyama hata ikafa. Fistula haiponi kwa mazoezi. Hushonwa na mpasuaji aliyeisomea, na mama anayevuja mfululizo baada ya uzazi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kuziba kwa mpira wa mkojo peke yake, kibofu kikipumzishwa.

Afrika ya Mashariki na nchi zinazopakana nayo zina historia ya heshima katika jambo hilo. Catherine Hamlin na mumewe Reginald, waliofika Ethiopia mwaka 1959, walifungua hospitali ya fistula mjini Addis Ababa mwaka 1974, na bibi huyo aliendelea na kazi hata uzee mkongwe, akafariki mwaka 2020. Ng'ambo ya mto Rusizi, mjini Bukavu, Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akashona wanawake walioharibiwa na uzazi na walioharibiwa na vita, kazi iliyompatia Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Na Panzi hutibu vilevile wanawake ambao vizazi vyao vimeshuka. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iligundua kwamba tiba ya bure haimfikii asiye na nauli, ikaanza mwaka 2009 kuwatumia wagonjwa nauli ya basi kwa simu, kwa njia ya M-Pesa. Kigali yenyewe, wapasuaji wa kujitolea kutoka ng'ambo wamekuwa wakija katika hospitali ya Kibagabaga na kushirikiana na wenyeji kutengeneza fistula. Tangu mwaka 2013 Umoja wa Mataifa huiadhimisha tarehe 23 Mei kuwa siku ya kuikomesha.

Nayasema hayo kwa shukrani, na pia kwa wivu wa kheri. Fistula imepata siku yake, hospitali zake na watetezi wake, na ilistahili. Lakini ndugu zake walio wengi zaidi, kizazi kilichoshuka na mkojo wa kuponyoka, hawajapata hata ubao mmoja wa matangazo. Mwanamke mwenye fistula hufukuzwa, na kufukuzwa kwake huonekana; huyu mwingine hubaki nyumbani, akapika, akafua, akalala upande wa ukutani, na dhiki yake haina shahidi.

Lipo pia jambo ambalo mtu aandikaye kuhusu Kicukiro hawezi kulipita. Katika wilaya hii, tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO wakawaacha maelfu ya watu waliokimbilia ulinzi wao, na wengi wakauawa walipopelekwa kilima cha Nyanza. Katika miezi ile wanawake wengi wa Rwanda walinajisiwa, na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha kuyahukumu mauaji hayo, katika hukumu ya meya wa zamani Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutamka kwamba kunajisi kwaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Baadhi ya walionusurika wana maradhi ya nyonga ya namna nyingine: misuli haikulegea, bali imekaza na haijui kuacha. Mwili uliotishwa hujifunga. Na misuli isiyolegea huleta maumivu ya kinena na mgongo, uchungu katika tendo la ndoa, choo kigumu, na haja ya mkojo isiyokwisha. Kwa mwanamke wa namna hii mazoezi ya kukaza, yanayosifiwa kila mahali, huzidisha madhara. Hujengewa kwanza utulivu, pumzi ndefu inayoshuka tumboni, kujifunza kuachia, na pamoja na hayo msaada wa mshauri wa nafsi. Wala hapimwi ndani pasipo ridhaa yake kuombwa kwa maneno na kungojwa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wengine wengi ambao misuli yao imekaza kwa sababu nyingine, sishauri mwanamke yeyote mwenye maumivu ajitibu kwa kusoma gazeti.

Lakini kwa aliyelegea bila maumivu, mazoezi ndiyo tiba ya kwanza. Mwaka 1948 tabibu wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kwamba misuli ya nyonga hupata nguvu kwa kazi kama misuli mingine, na utafiti wa miaka mingi baada yake umemthibitisha. Namna yake ni hii. Mwanamke ahakikishe kibofu ni kitupu, alale chali na magoti juu, au aketi kitini. Kisha akaze kama mtu aliye mbele ya wakwe zake na upepo unataka kumtoka, akivuta ndani na juu, pasipo kubana makalio, pasipo kuingiza tumbo, na pasipo kuzuia pumzi. Ashike hata nukta 5, akiweza azidishe hadi 10. Kisha alegeze kabisa kwa muda ule ule, kwa maana kulegeza ni nusu ya zoezi na wengi huiruka. Afanye hivyo mara 8 hadi 10, na aurudie mzunguko huo mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Asijizoeze kila siku kwa kukatiza mkojo katikati, kwani hukifunza kibofu tabia ya kutojimaliza. Wapo wanawake wengi ambao, wakiambiwa kaza, husukuma, na kusukuma ni kinyume cha tiba. Ndiyo maana ni kheri mara ya kwanza mkunga au mtaalamu wa mazoezi ya viungo athibitishe kwa mkono kwamba kinachokazwa ndicho. Wataalamu hao Rwanda inao. Walianza kusomeshwa katika Taasisi ya Afya ya Kigali, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Mjamzito naye aanze mapema, kwani mazoezi ya wakati wa mimba humpunguzia uwezekano wa kuponyokwa na mkojo baada ya uzazi.

Kwa mwenye haja ya ghafula, kibofu hufundishwa subira: akizoea kwenda chooni kila nusu saa, angoje robo saa zaidi, na baada ya siku kadhaa robo nyingine, hadi afikie saa tatu au nne, apunguze chai nzito na kahawa, lakini maji asiyaache, maana mkojo uliokolea huchokoza kibofu zaidi. Kwanza apimwe mkojo na sukari ya damu, isije ikawa ni maambukizi au kisukari kinachojificha nyuma ya pazia hilo.

Kizazi kilichoshuka kina dawa nyingine inayostahili kujulikana kuliko ilivyo: pete ya silikoni, laini, inayokunjika kati ya vidole viwili, ambayo mkunga huiingiza ukeni ikafunguka na kukishikilia kiungo mahali pake. Mwenyewe haihisi ikiwa kipimo chake ni sawa; huweza kutembea, kulima na kusali nayo; huitoa kuiosha kwa siku atakazoelekezwa, au hurudi kliniki aoshewe. Kwa mzee ambaye moyo wake hauhimili kisu, au kijana ambaye bado anataka kuzaa, pete hiyo ni rehema. Upasuaji hubaki kwa wale ambao hayo hayakuwafaa, nao ni wa namna nyingi: kushona kuta za uke zilizolegea, kuufunga mji wa mimba kwenye kano imara, au kuuondoa. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla kwamba baada ya miaka kiungo huweza kushuka tena, na ya kuuliza kama atawekewa wavu wa plastiki, kwa kuwa nyavu zilizowekwa kwa njia ya uke ili kuinua viungo zilidhuru wanawake wengi, hata Marekani ikaamuru mwezi wa Aprili 2019 zisiuzwe tena kwa kazi hiyo.

Pwani tuna mkaja, kile kitambaa afungwacho mzazi tumboni katika arubaini yake, na wapo wanaoamini kwamba ukikazwa sana hurudisha kizazi. Mkaja huupa mgongo wa mzazi faraja. Lakini misuli iliyo chini hauipi nguvu, na ukikazwa kupita kiasi huubana msukumo kwenda kule kule tusikotaka uende. Kilicho bora katika arubaini ni mapumziko, na hayo ndiyo ningependa tuyarithishe.

Tumezoea kusema kwamba wanawake huficha kwa sababu ya stara, na stara ni jambo tukufu. Lakini stara ni kumsitiri mtu asifedheheke, si kumwacha afedheheke peke yake. Muislamu wa Biryogo, jijini Kigali, au wa Mombasa anayeacha sala kwa kuwa hana uhakika wa udhu wake ameacha jambo ambalo fikihi imekwisha kumfanyia wepesi: mwenye udhuru wa kudumu hujisitiri kwa kitambaa, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, kisha husali, na kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii sala ile. Matabibu wa roho walimfikiria mwanamke huyu karne nyingi zilizopita. Matabibu wa mwili hawana hoja ya kubaki nyuma.

Nayo Rwanda haina hoja ya kushindwa, kwa kuwa lililo gumu zaidi imekwisha kulitenda. Mwaka 2000 ni zaidi kidogo ya robo tu ya uzazi uliofanyika katika vituo vya afya na hospitali; uchunguzi wa taifa wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha 93 katika kila 100. Vifo vya wazazi, vilivyokuwa 1,071 kwa kila uzazi hai 100,000 mwaka 2000, vilikuwa vimeshuka hadi 203 katika uchunguzi huo. Mwaka 2011 nchi hii iliitangulia Afrika yote katika kuwachanja wasichana wake kote nchini dhidi ya virusi vya saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa ambao nao ulikuwa hausemwi hadharani. Kila kijiji kina wajumbe wa afya waliochaguliwa na majirani zao, abajyanama b'ubuzima, wanaomjua kila mjamzito kwa jina na mlango. Na bima ya mutuelle, ambayo kwa miaka mingi mchango wake kwa walio wengi ulikuwa faranga 3,000 kwa mwaka, humfungulia mtu njia ya kituo cha afya, na kwa barua ya kituo, njia ya hospitali.

Mama wa Niboye, baada ya majirani kuondoka na chupa za uji kurudishwa, hukipeleka kichanga chake kuchanjwa kikiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14. Huketi benchini zamu yake ikiwa bado mbali, mtoto hupimwa uzito, hudungwa, hulia, hunyonyeshwa, kadi huandikwa, na mama huenda zake bila mwili wake mwenyewe kuulizwa. Katika kadi ile iongezwe mistari miwili tu: je, mkojo au haja humtoka bila hiari, je, huhisi kitu kinashuka ukeni. Maswali hayo yaulizwe na muuguzi, mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ya kawaida ambayo huulizia homa. Mama atakayejibu ndiyo afundishwe papo hapo kukaza na kulegeza. Juma la 10 na la 14 aangaliwe kama anafanya sawasawa. Na ikiwa atakapomleta mtoto kwa chanjo ya surua, mwezi wa 9, hajapata nafuu, aandikiwe barua ya kwenda hospitali ya Masaka, humo humo wilayani, akaonwe na daktari wa wanawake.